Baba amemaliza mionzi ya kinywa na koo lakini maumivu yamezidi: tumuuguze vipi nyumbani?

Binti wa Kihonda (Morogoro)

Assalaam alaykum, na habari za wakati huu kwa nyote. Ninamuuguza baba yangu, mwenye umri wa miaka 63, ambaye aligundulika kuwa na saratani iliyoanzia kwenye shina la ulimi na kufika hadi kwenye tezi za shingo upande wa kushoto. Alitibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, kwa dozi 35 za mionzi, siku tano kwa wiki kwa muda wa wiki saba, na katika kipindi hicho alikuwa akitundikiwa dripu ya sisiplatini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki. Namshukuru Mungu kwamba alizimaliza dozi zote bila kukatisha.

Linalonitia hofu ni kwamba zimepita wiki mbili tu tangu amalize, na hali yake ni nzito zaidi sasa kuliko siku tulipoagwa hospitalini. Ulimi na koo vina vidonda vyenye utando mweupe, mate yamekuwa mazito na yanavutika kama gundi, hasa usiku, hata analazimika kuketi ili asipaliwe. Ngozi ya shingo imebabuka na kuwa nyeusi. Analishwa kwa mpira wa puani, na tangu alipowekewa mpira huo hajameza kitu chochote, hata maji, kwa sababu ya maumivu. Dawa ya maji ya mofini tuliyopewa anaikataa, akisema kwamba hataki kuwa teja uzeeni. Ndugu waliokuja kumwona wanasema kuwa mionzi imemuunguza na kwamba ugonjwa umerudi, na shangazi ameleta asali, tangawizi na unga wa magome ya mti ili asukutulie.

Naomba kuelekezwa na waliopitia hali hii au wanaohudumia wagonjwa wa aina hii: je, ni kawaida mtu kuzidiwa baada ya mionzi kwisha? Nafuu huanza lini? Tumlishe nini, na vipi? Kuna pia jino la gego la chini linalomsumbua upande ule ule wa kushoto, na kaka amekwisha kupanga kumpeleka Jumamosi kwenye kliniki ya hapa mtaani likang'olewe ili apungukiwe na maumivu angalau hayo.

Tabibu wa Meno (Mwanza)

Wa alaykum salaam, dada. Mfikishie baba shikamoo yangu. Mengine watayajibu wenzangu, lakini hilo la jino ulilolitaja mwishoni ndilo linaloniharakisha kuandika: tafadhali mwambie kaka asimpeleke baba kung'olewa jino Jumamosi. Nia yake ni njema kabisa, ila jino likishang'olewa halirudishiki, na shimo lake katika taya lililopigwa mionzi linaweza kukataa kufunga.

Sababu yake ni hii. Mionzi iliyolenga shina la ulimi na tezi za shingo hupita pia katika mfupa wa taya la chini, na huko huharibu mishipa midogo ya damu na chembe hai zinazoujenga mfupa upya. Kwa nje taya huonekana zima, mgonjwa hutafuna na kuongea, lakini uwezo wa mfupa huo wa kupona unapojeruhiwa unakuwa umepungua sana. Dozi 35 za kawaida hufikisha jumla ya grei 70 (grei ni kipimo cha mionzi) mahali penye uvimbe, na hatari kwa taya huanza kuwa kubwa pale sehemu ya mfupa inapopokea zaidi ya grei 50 hivi. Jino likiondolewa mahali hapo, mfupa unaweza kubaki wazi kwa miezi, ukaoza, ukatoa usaha, na pengine taya likavunjika lenyewe. Tiba yake huwa ndefu na wakati mwingine huhitaji upasuaji wa kuondoa kipande cha taya. Hatari hii haiishi baada ya mwaka mmoja au miwili. Baba atapaswa kumweleza kila daktari wa meno atakayemwona maishani mwake kwamba alipigwa mionzi, na ni vizuri awe na karatasi inayoonyesha ni upande upi na kwa kiasi gani.

Hilo halina maana kwamba avumilie maumivu ya jino. Apelekwe hospitali yenye kitengo cha kinywa na meno, apigwe picha ya eksirei, na daktari aangalie kama jino linaweza kuzibwa au kutibiwa mzizi, kwa kuwa njia hizo zinaliacha jino mahali pake na haziujeruhi mfupa. Ikionekana kwamba hakuna njia isipokuwa kulitoa, basi litolewe na daktari bingwa wa upasuaji wa kinywa na taya, baada ya kuzungumza na timu iliyompa mionzi, kwa upole, kwa kushona ufizi, na kwa kumfuatilia mpaka pafunge. Inawezekana pia kwamba jino halina kosa: vidonda vya shina la ulimi hutuma maumivu yake kwenye magego na hata ndani ya sikio, kwa sababu mishipa ya fahamu ya sehemu hizo imeungana. Nimewaona wagonjwa waliokuwa wakiomba jino litolewe, na vidonda vilipopona maumivu yakatoweka.

Kwa meno yaliyobaki, ulinzi uanze leo. Mtu mzima mwenye afya hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu ya mate kwa siku, na mate hayo ndiyo yanayoosha mabaki ya chakula na kupunguza makali ya asidi. Tezi za mate za baba zimepigwa, kwa hiyo meno yake yanaweza kuoza ndani ya miezi michache, tena kwenye shingo ya jino karibu na ufizi, mahali ambapo kwa kawaida hapaozi upesi. Atumie mswaki laini kabisa, uliolowekwa kwanza katika maji ya uvuguvugu, na dawa yenye floraidi. Akimaliza ateme tu, asisukutue kwa maji, ili floraidi ibaki juu ya meno. Mswaki wa mti, ambao wazee wetu wanaupenda, auweke kando mpaka vidonda vipone. Kama ana meno ya bandia, asiyavae kwa sasa. Soda, juisi na chai yenye sukari anayoinywa kidogo kidogo mchana kutwa vitamwozesha meno kuliko mlo mmoja mtamu. Cha kubeba mkononi siku nzima ni maji matupu.

Jambo la mwisho kwangu ni kufungua kinywa. Misuli ya kutafuna iliyopigwa mionzi hukakamaa polepole, na ikishakakamaa ni vigumu kuilegeza. Mtu mzima kwa kawaida anaweza kuingiza vidole vyake vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya juu na ya chini. Mpime baba leo, muandike, na mumpime kila wiki. Afungue kinywa hadi pale anapohisi kuvutwa bila maumivu makali, ashikilie kwa muda mfupi, apumzike, arudie, mara kadhaa kwa siku. Uwazi ukipungua, hospitalini wataweza kumpangia vijiti bapa vya mbao, vile vinavyotumika kubonyeza ulimi, vikiongezwa kimoja kimoja.

Mzee wa Pongwe (Tanga)

Binti yangu, pole sana na hongera kwa kumtunza mzazi. Mimi nilipigwa mionzi ya koo miaka kadhaa iliyopita na leo ninakula wali na samaki, kwa hiyo nakuandikia kama mtu aliyekwisha kuuvuka mto huo.

Swali lako la kwanza lina jibu la wazi. Ni kawaida kabisa mgonjwa kuzidiwa katika wiki ya kwanza na ya pili baada ya dozi ya mwisho. Mashine imezimwa, lakini madhara yaliyojikusanya katika ngozi ya ndani ya kinywa yanaendelea kujitokeza, na mwili haujapata nafasi ya kujenga ngozi mpya. Kwa wengi vidonda huanza kupungua kuanzia wiki ya tatu au ya nne, na hupona katika muda wa wiki sita hadi nane. Kwa hiyo wanaomwambia kwamba ugonjwa umerudi wanamvunja moyo bila sababu. Mpangie mtu mmoja katika familia awe anapokea wageni sebuleni na kuwaeleza jambo hili kabla hawajaingia chumbani kwa mgonjwa.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo naliona kuwa kubwa kuliko yote baada ya jino, nalo ni kumeza. Mpira wa puani umemwokoa baba na njaa, na usiondolewe bila ruhusa ya hospitali, lakini mpira haukuwekwa ili koo lipumzike. Misuli ya kumeza ni mingi na inafanya kazi kwa zamu. Ikikaa wiki nyingi bila kutumika huku mionzi ikiikausha, husinyaa na kushikana, na mtu anaweza kupona saratani akabaki hawezi kumeza hata uji. Kwa hiyo ukiwauliza wahudumu wake na wakaona ni salama, baba ameze kitu kila siku, hata kama ni vijiko vichache vya maji, na hata kama chakula chote kinachomshibisha kinapitia puani. Aketi wima, achukue kidogo, ainamishe kidevu kifuani, ameze kwa nguvu kama anayemeza kidonge kikubwa, kisha ameze tena kabla ya kuvuta pumzi. Baada ya hapo aendelee kuketi kwa nusu saa. Maji matupu huwa magumu kuyadhibiti kuliko uji mwepesi, jambo ambalo watu wengi hawalitegemei. Akikohoa kila anapomeza, au sauti yake ikawa ya majimaji mara baada ya kumeza, au akapata homa na kubanwa kifua, basi aache kwanza na aonwe na daktari, kwa sababu chakula kinaweza kuwa kinaingia mapafuni. Wapo wataalamu wa matamshi na umezaji wanaofundisha mazoezi haya. Nchini kwetu ni wachache, lakini ulizeni katika idara ya masikio, pua na koo ya hospitali kubwa, kwa kuwa kumwona hata mara moja kunasaidia.

Haya yote hayawezekani bila dawa ya maumivu. Hapo ndipo ninapotaka umsomee baba maneno yangu: Mzee mwenzangu, mofini unayoandikiwa na daktari kwa ajili ya vidonda vya mionzi haikufanyi kuwa teja. Inapimwa kwa mililita, inatolewa kila baada ya saa nne au kama ulivyoelekezwa, na vidonda vikianza kupona daktari huipunguza hatua kwa hatua hadi unaiacha. Mimi nilikuwa nikiinywa kama nusu saa kabla ya kujaribu kumeza, na bila hiyo nisingemeza. Usiiache kwa siku moja ghafla, na usingojee maumivu yapande ndipo uitafute. Inafunga choo, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha choo uianze pamoja nayo. Inaweza kupitishwa kwenye mpira kama kinywa kinauma sana.

Kuhusu mate mazito ya usiku, kulala na kichwa kikiwa juu ya mito miwili au mitatu kunasaidia, pamoja na beseni la kutemea na chupa ya maji kando ya kitanda. Sukutuo langu lilikuwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na kijiko kimoja cha chai cha bikaboneti (baking soda), ile ya kuumulia mikate inayouzwa kwa pakiti ndogo. Angalieni sana dukani: isiwe magadi ya mboga, na hasa isiwe magadi soda ya kutengenezea sabuni, kwa kuwa hiyo itamuunguza. Asukutue taratibu kila baada ya saa mbili au tatu anapokuwa macho, ateme, na kila siku mtengeneze maji mapya. Mate mazito yatakwisha ndani ya wiki kadhaa, kisha utakuja ukavu. Ukavu huo hupungua katika mwaka wa kwanza na wa pili, ingawa kwa wengi hauishi kabisa. Mimi hadi leo sitoki bila chupa ya maji.

Na kama mwezi wa Ramadhani utamkuta katika hali hii, asijilazimishe kufunga. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kulipa ana fidia yake. Nimewaona wazee wakijidhoofisha kwa jambo ambalo Mwenyezi Mungu mwenyewe amelifanyia wepesi.

Mama wa Machame (Moshi)

Pole, mdogo wangu. Nilimuuguza mume wangu kwa ugonjwa huo huo, nami nitazungumzia chakula, kwa kuwa ndicho kilichonisumbua zaidi.

Mnunulie mizani au mtafute pa kumpimia uzito mara moja kwa wiki, siku ile ile na nguo zile zile. Macho ya mtu anayemwona mgonjwa kila siku hayaoni anavyopungua. Kinachopitia kwenye mpira kiwe na nguvu, si maji ya uji. Uji wa ulezi upikwe mwepesi lakini uongezwe maziwa, siagi ya karanga iliyosagwa laini kabisa na kijiko cha mafuta au samli, kisha usagwe kwa blenda na uchujwe, maana punje moja ya karanga inaweza kuziba mpira na mkalazimika kurudi hospitali kuwekewa mwingine. Kabla na baada ya kila mlo pitisha maji safi kwa bomba la sindano. Kabla ya kulisha hakikisha alama iliyoandikwa kwenye mpira karibu na pua haijasogea. Ikisogea, msimlishe mpaka muuguzi athibitishe kwamba ncha yake bado iko tumboni. Mlisheni polepole, akiwa ameketi.

Atakapoanza kula kwa kinywa, chagueni vyakula vinavyoteleza na visivyochoma. Kwetu mtori ulikuwa mkombozi: ndizi zilizopondwa pamoja na supu ya nyama hadi ikawa laini, ikaachwa ipoe. Parachichi lililosagwa na maziwa, mayai laini, mtindi usio mchachu sana, viazi vilivyopondwa kwa tui la nazi, na samaki asiye na miba aliyevurugwa katika mchuzi wake vilifuata. Mlenda na bamia, ambavyo watu wengi huvidharau, ni vyakula vya thamani kwa mtu asiye na mate, kwa sababu vinalisindikiza tonge. Ugali mkavu, mkate, chapati na nyama ya kuchoma vitachelewa sana; visimvunje moyo. Pilipili, ndimu, nanasi, nyanya kali na vitu vya moto viondolewe mbele yake kabisa.

Ladha ni jambo jingine. Mume wangu alikuwa akisema kila chakula ni kama karatasi, na nyama aliionja kama chuma. Nikawa naona kwamba hakipendi chakula changu, hadi muuguzi aliponieleza kwamba vionjio vya ulimi vimeharibiwa na kwamba hurudi polepole kuanzia mwezi wa pili au wa tatu, vingine baada ya mwaka. Wakati huo mtu anakula kwa saa, si kwa hamu: kidogo, mara sita au saba kwa siku. Msimlazimishe kukaa mezani na wote kama anaona haya kukohoa au kutema mate mbele ya wajukuu, lakini msimwache ale peke yake siku zote. Mmoja akae naye, ale chakula laini kama chake, bila kumhesabia vijiko.

Kuhusu ngozi ya shingo, osheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, mkaushe kwa kugusa tu bila kusugua, na mpakeni kile tu mlichopewa hospitalini. Asinyoe ndevu kwa wembe, avae kanzu au shati lisilo na kola ngumu, na jua lisimpige shingoni, leo na miaka ijayo.

Muuguzi Mstaafu (Dar es Salaam)

Nimefurahi kuona majibu haya, na nayaunga mkono. Nitaongeza yale niliyokuwa nikiwaeleza wagonjwa siku ya kuagwa, ambayo wengi huwa wamechoka mno kuyasikia.

Kwanza, vitu alivyoleta shangazi. Tangawizi itachoma vidonda, na unga wa magome haujulikani una nini ndani yake, wala hauna usafi unaofaa kinywa chenye vidonda vilivyo wazi, hasa kwa mtu ambaye chembe nyeupe za damu zinaweza kuwa bado zimeshuka kwa sababu ya sisiplatini. Dawa hiyo pia huelemea figo, na miti shamba mingine huziongezea mzigo. Asali haina ubaya huo, lakini ni sukari inayonata juu ya meno yasiyo na mate, kwa hiyo sishauri ikae kinywani. Mpokeeni shangazi kwa heshima, mkamweleze kwamba daktari amezuia, kisha mumpe kazi nyingine ya kumsaidia kaka yake, kwa sababu anachotaka ni kusaidia. Utando mweupe ulioutaja unaweza kuwa ni wa vidonda vyenyewe, lakini unaweza pia kuwa ni fangasi, ambao huwapata wagonjwa wengi wa aina hii na kuongeza maumivu. Fangasi hutibika kwa nistatini au flukonazoli, lakini lazima mtu aliyefunzwa amwangalie kwanza. Mpelekeni hospitali ya mkoa wiki hii kwa hilo na kwa jino, kwa safari moja.

Msingoje tarehe ya kliniki iwapo atapata homa ya nyuzi 38 au zaidi, akivuta pumzi kwa mlio, akitoka damu kinywani isiyokoma, akishindwa kumeza hata mate yake, akitapika kila anacholishwa, au mkojo ukawa mchache na wa rangi nzito. Hayo ni ya kuondoka nayo nyumbani saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kuhusu hofu ya kwamba ugonjwa umerudi, tathmini kamili ya matokeo ya mionzi kwa kawaida hufanyika wiki 12 hivi baada ya dozi ya mwisho, kwa kuangaliwa koo kwa kamera na kwa picha. Kabla ya hapo uvimbe na uwekundu wa tiba yenyewe huweza kuwachanganya hata madaktari, kwa hiyo ndugu wasiwaharakishe madaktari. Saratani za eneo hili zikirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka miwili ya kwanza, na ndiyo maana kliniki huwa za karibu karibu wakati huo. Najua nauli ya kutoka Morogoro na siku za kulala Dar es Salaam ni mzigo. Hata hivyo, kliniki hizi ni sehemu ya tiba, na kuzikosa kwa sababu mgonjwa anajisikia vizuri ndilo jambo lililonisikitisha zaidi katika miaka yangu ya kazi. Uvimbe mpya shingoni, au kidonda kinachokaa zaidi ya wiki tatu baada ya vingine kupona, kionyeshwe mapema.

Kuna jambo linalosahauliwa. Mionzi ya shingo hugusa pia tezi ya thairoidi, ile inayovimba kwa mwenye rovu, na miezi au miaka baadaye inaweza kupunguza kazi. Mtu huchoka, hunenepa bila kula, huona baridi, hufunga choo na huwa na huzuni, na familia hudhani ni uzee. Ombeni apimwe damu kwa ajili ya tezi hiyo kila baada ya miezi 6 hadi 12. Ikionekana imepungua, kidonge cha kila siku kinatosha. Na kama sikio lake lina mlio au anasikia kwa shida, waelezeni pia, kwa kuwa sisiplatini huweza kuathiri usikivu.

Mwisho, tumbaku. Sigara, ugoro, kuberi na tambuu yenye tumbaku, pamoja na pombe, visirudi kinywani mwake. Vinachelewesha vidonda kupona, vinaongeza hatari ya taya kuoza ambayo tabibu ameieleza, na vinaita saratani nyingine katika kinywa, koo au mapafu. Wanaovuta ndani ya nyumba hiyo wavutie mbali naye.

Binti wa Kihonda (Morogoro)

Nimerudi baada ya kimya cha miezi, na naomba radhi kwa kuchelewa kuwashukuru. Kaka alisoma ujumbe wa tabibu siku ile ile akaahirisha safari ya kliniki. Hospitalini waligundua kwamba baba alikuwa na fangasi, wakampa dawa, na jino likazibwa. Maumivu yake yalipungua kadiri vidonda vilivyopona. Mofini alikubali kuitumia baada ya kusomewa maneno ya Mzee wa Pongwe, na sasa ameiacha kwa utaratibu wa daktari. Alianza kwa vijiko vya maji, akaja kwenye uji, na mpira uliondolewa uzito wake ulipotulia. Anakula mtori na wali laini wenye mlenda, ingawa mlo mmoja unamchukua muda mrefu. Utamu ameanza kuuhisi, chumvi bado. Uwazi wa kinywa ulikuwa umeanza kupungua, na tangu azidishe mazoezi haujapungua tena. Tathmini ya kwanza haikuonyesha dalili za ugonjwa, alhamdulillahi.

Nina swali moja. Kwa siku za karibuni, kila anapoinamisha kichwa, hasa anaposujudu, anahisi kama amepigwa na umeme unaoshuka mgongoni hadi miguuni, kisha unapotea mara moja. Hana maumivu mengine, na anatembea vizuri. Tumekuwa na wasiwasi kwamba ni uti wa mgongo.

Muuguzi Mstaafu (Dar es Salaam)

Alhamdulillahi kwa hatua hiyo, na hongera kwenu nyote. Hali hiyo ya umeme unapoinama inafahamika kwa watu waliopigwa mionzi ya shingo. Kwa kawaida hujitokeza miezi miwili hadi minne baada ya tiba, kwa sababu utando unaozizunguka nyuzi za fahamu katika uti wa mgongo umepungukiwa kwa muda na unajijenga upya. Sisiplatini nayo inaweza kuchangia. Mara nyingi huondoka yenyewe ndani ya miezi michache bila dawa. Kwa sasa anaweza kuswali akiwa ameketi kwenye kiti na kuinama kidogo tu, jambo ambalo dini imemruhusu.

Hata hivyo daktari wake aelezwe katika kliniki ijayo, na liandikwe kwenye faili. Mkiona udhaifu wa mkono au mguu, ganzi isiyoondoka, kuyumba anapotembea, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, msisubiri kliniki, mpelekeni siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa atakuwa Dar es Salaam, ombeni kipimo cha tezi ya thairoidi kifanyike katika safari hiyo, na aonwe pia na watu wa kinywa na meno waliangalie lile gego.